Mwaka Niliokimbizana na Vijineno

Estere aliingia nyumbani kwangu hapa Sake bila kupiga hodi, fimbo ikimtangulia, kitambaa cha kichwa kimeenda upande, na kabla sijamtambua vizuri akaniamuru kwa Kiingereza: "Sit down, Damari. Sit down and eat up." Kaa chini, ule umalize. Nyumba ni yangu, kiti ni changu, sombe, majani ya muhogo, nimepika mimi, halafu mtu ambaye sijamwona tangu vita vilipotutawanya ananikaribisha kwangu. Nilimshika mikono nikacheka mpaka mbavu zikauma, naye akalia, kisha tukabadilishana, yeye akacheka mimi nikalia. Mjukuu wangu anayesoma chuo kule Goma alisimama mlangoni, simu mkononi, akitutazama kama watu waliochanganyikiwa. "Bibi, hiyo Kiingereza mulijifunza wapi? Si mulikuwa wakati ya Wabeleji?" Nikamwambia tulijifunza Ntoto. "Ntoto ya Walikale?" Hakuamini. Nikamwambia naye akae, maana habari yenyewe ni ndefu na sombe lilikuwa bado la moto.

Mambo ya nani alinizaa, na shamba letu la Kashuga lilikuwa na ukubwa gani, nayaacha. Hayana tofauti na ya watu wengine wa milima ya Masisi. Mimi naanzia chumbani. Nyuma ya dispanseri ya misheni, pale Ntoto, kulikuwa na chumba kirefu chenye madirisha mawili madogo, na ndani yake bandeji zilizofuliwa zilianikwa kwenye kamba kwa sababu nje mvua haikutuachia nafasi. Nilikuwa nimetoka kwenye baridi na maziwa, nikaangukia kwenye joto la msitu, wali na ndizi za kuchoma, na mwanzoni nilitamani kurudi kwetu hata kwa miguu. Tulikuwa wasichana wawili wa kusaidia wagonjwa: mimi, na Estere, mtoto wa palepale, ambaye baba yake aliwinda, alilima na alisali, vyote kwa bidii moja. Aliyetufunza kazi ni Mamzele. Jina alikuwa nalo, ila hakuna aliyelitumia. Alikuwa nesi, Mwingereza, mwembamba, mwepesi wa kukasirika na mwepesi zaidi wa kusahau, na ndiye aliyetuletea habari iliyonikosesha raha. Daktari mmoja rafiki yake, wa hospitali ya ng'ambo ya mpaka, Uganda, alikuwa tayari kumpokea msichana kutoka kwetu asomee ukunga, tena ukunga kamili wenye cheti. Masomo yote yangekuwa kwa Kiingereza. Angekuja mwenyewe mwaka ukiisha kumpima atakayetaka. Estere alikuwa ameshaposwa, na Uganda hakutaka hata kuisikia. Mimi nilitaka. Nilitaka mpaka nikaogopa kulisema kwa sauti, kwa sababu kule Kashuga nilikuwa nimemwona jirani yetu akitutoka pamoja na mtoto wake tumboni, wanawake wazima wamejaa chumbani na hakuna anayejua la kufanya, na mimi nikiwa nimeshika beseni la maji ambalo hakuna aliyeliomba.

Nilianza kwa majivuno, sifichi. Kifaransa cha shule nilikuwa nacho, na kitabu cha Kiingereza alichonipa Mamzele kilijaa maneno marefu ambayo ukiyavua kofia unakuta ni Kifaransa kilekile: continue, extinguish, tolerate. Kuendelea, kuzima, kuvumilia. Niliyameza yote, nikawa natembea shingo juu. Kisha siku moja Mamzele akapata mgeni, mwanamke mwenzake kutoka misheni ya mbali, wakakaa barazani wanakunywa chai, na mimi na Estere tukawa ndani tunakunja bandeji, dirisha wazi. Walizungumza mpaka birika likapoa. Sikuambulia kitu. Yale maneno yangu marefu hayakupita hata moja, hata kwa bahati mbaya. Kuzima moto kwao kulikuwa put out. Kuendelea kulikuwa go on. Na kuvumilia, Bwana wangu, kulikuwa put up with. Put nilikuwa naijua, ni kuweka. Up ni juu. With ni pamoja na. Nikaviunga kimoja kimoja: weka juu pamoja na. Alikuwa anamsema mpishi wake. Sasa mpishi anawekwa juu pamoja na nini? Estere akaninong'oneza, "Hii banasema iko Kiingereza, ao banagombana?" Nikamjibu kwamba ndicho Kiingereza chenyewe, na kile tulichofundishwa sisi ni cha kuvaa Jumapili.

Kesho yake nilimbana Mamzele kwa maswali, na jambo la ajabu ni kwamba hakuwa na jibu. Alikuwa hajawahi kuliona. Nilimwuliza kwa nini look ni kutazama, lakini look for ni kutafuta, look after ni kutunza, na look out ni kumwambia mtu ajihadhari na nyoka. Akasema, "It just does," ni hivyo tu, kisha akanigeukia kwa hasira ya mtu aliyekamatwa. "Na ninyi je?" akasema kwa Kiswahili chake cha kuchechemea. "Kwa nini hapa munapiga kila kitu? Munapiga pasi. Munapiga magoti. Munapiga kelele, munapiga picha, munapiga mbio. Hayo magoti yamewakosea nini?" Estere aliangusha bandeji zote. Mimi sikucheka mara moja, maana kitu kilikuwa kimefunguka kichwani. Kumbe na sisi tulikuwa nao ugonjwa uleule. Sisi tunachukua piga moja tunaipeleka kila mahali kufanya kazi za watu, na wao wanachukua put, get, look, give, wanazifungia kijineno nyuma, zinakwenda. Tena sisi tunacho hata kile cha ndani: weka, wekea, wekwa, wekesha. Sisi tunaficha mabadiliko tumboni mwa neno. Wao wanayaacha nje mlangoni, kila mpita njia ayaone. Nilihisi kama mtu aliyeonyeshwa kwamba jirani anayemwogopa naye anakula maharage.

Tangu hapo sikufundishika tena kwa kitabu. Nilikwenda chumba kwa chumba. Jikoni kwa Mamzele niliokota boil over, maziwa kufurika. Run out, chumvi kuisha. Wash up, kuosha vyombo. Kwenye chumba cha wagonjwa niliokota yale ambayo, nikiyatazama leo, ndiyo yaliyonilisha miaka yote: throw up ni kutapika, pass out ni kuzimia, come round ni kuzinduka, get over ni kupona. Estere aliyafanya yote kwa mwili. Mimi nasema neno, yeye analicheza. Siku nilipomtajia pass out alijitupa chini kwa moyo wake wote, na Mamzele, aliyekuwa anaingia na chupa za dawa, akaziachia zote akakimbilia kumpima mapigo ya moyo. Estere akafumbua jicho moja akasema, "Sasa nina come round, Mamzele." Tuliadhibiwa kusugua sakafu, na tukasugua tukiimba maneno hayohayo. Chakula cha mchana, wali na samaki wa mtoni, nacho kilikuwa darasa. Niligundua siku hiyo, kijiko kiko njiani, kwamba kile kijineno up si lazima kiwe juu. Eat up, drink up, use up, dry up: kula ukamaliza, kunywa ukamaliza, kutumia kukaisha, kukauka kabisa. Ni kijineno cha kumaliza. Nilisimama mezani nikawaambia wote, na mpishi, ambaye hakujua Kiingereza hata cha kuombea maji, akauliza kama nimeokoka.

Kisha kulikuwa na mambo ya mahali pa kijineno kukaa. Vingine ukivitenganisha havikasiriki: put down the baby, put the baby down, mtoto analazwa tu. Lakini ukisha kumwita yule mtoto it, lazima umweke katikati, put it down, na ukimpeleka mwisho Mamzele anakunja uso kama ameuma jiwe kwenye wali. Vingine havitaki kabisa mtu apite kati yao. Look after huwezi kuipasua hata kwa shoka. Nilimwuliza nitajuaje. Akasema nitasikia. Nikasema sisikii. Akasema, "Utasikia." Na miezi ilivyokwenda, kweli, nikaanza kusikia, kama unavyosikia ngoma imekosea hata kama hujui kuipiga.

Ila kusikia si kusema. Hilo ndilo lililonitesa, na hata leo nikiwaona vijana wanaofaulu mitihani ya lugha wakashindwa kuomba njia, nawahurumia. Nikiwa na Estere, maneno yalimwagika. Nikisimama mbele ya mzungu, kila kijineno kinakuja kusimama mlangoni na wenzake, in, out, off, on, wote wanataka kupita, nami nachagua, nachagua, mpaka aliyeuliza anachoka. Basi narudi kwenye maneno marefu ya Jumapili, yaliyo salama. Mamzele alijua. Mvua za mwisho wa mwaka zilipoanza aliniambia waziwazi, "Yule daktari hana subira. Ukimsomea kitabu atakuacha hapa." Nilikwenda nyuma ya dispanseri nikalia peke yangu, kisha nikanawa uso nikaendelea na kazi.

Daktari alifika na matope mpaka magotini, mzee mrefu mwenye nyusi nene, na Mamzele siku hiyo alikuwa kitandani, malaria imemshika hawezi kuinua kichwa. Kwa hiyo alinipima peke yake, katika kile chumba cha bandeji, Estere akiwa pembeni anajifanya anafagia. Aliniuliza kwa nini nataka ukunga. Nilikuwa na jibu la kweli, lile la Kashuga na beseni, lakini kinywa kikatoa lingine: "I desire to continue my education." Natamani kuendeleza elimu yangu. Akaniuliza ningefanya nini mgonjwa akizimia. Nikamjibu kwa maneno marefu ambayo hata mimi yalinichosha. Alitazama dirishani, akatazama saa yake, akasema, "Well. You've got it off by heart, I'll say that." Umekikariri, hilo nakubali. Nilimwelewa vizuri kuliko nilivyotaka. Nilimwona Estere ameacha kufagia. Nilijua kwamba Uganda imenipita, na kwamba imenipita nikiwa nimeijua kila sentensi iliyoniondoa.

Hapo ndipo tuliposikia watu wa tipoye, wale wanaobeba wagonjwa kwenye kitanda cha miti, wakiita njiani. Walikuwa wametoka ndani ya msitu tangu alfajiri, na juu ya tipoye kulikuwa na mwanamke wa uzazi, Faida, amefunikwa kitenge mpaka usoni. Mume wake alikuwa machimboni. Waliombeba ni wanaume waliopatikana, na mbele yao, mabega yamechubuka, alikuwa mzee mmoja, Papa Bahati. Tulimlaza Faida kwenye chumba cha kuzalia. Mvua ilikuwa imelitia giza dirisha lake dogo, ikabidi taa. Wabebaji wengine walirudi nje upesi, lakini daktari alimkamata yule mzee mkono, kwa kuwa alikuwa ndiye mwenye nguvu, akampa taa aishike, akaniamuru nitafsiri. Mwulize uchungu ulianza lini. Niliuliza. Faida hakujibu. Mwulize unakuja baada ya muda gani. Kimya. Daktari akataka kumshika tumbo. Faida akajikunja, akakivuta kile kitenge usoni kwa mikono miwili, na hata kuguna hakuguna. Na yule mzee, taa mkononi, alikuwa amegeuka kabisa, anatazamana na ukuta. "Hold it up!" daktari akamwambia, inua. Mzee akainua, akaumulikia ukuta vizuri zaidi. "Over here," huku, na mzee akajibanza kwenye kona, jasho linamtiririka. Nikamsogelea nimwambie. Akaninong'oneza bila kugeuka, "Mutoto wangu, mimi iko baba mukwe wake."

Mjukuu wangu hakuelewa uzito wa neno hilo, ikabidi nimweleze. Siku zile, kwa watu wetu, mke wa mtoto na baba mkwe hawakutazamana usoni, hawakula pamoja, hawakuzungumza ila kupitia mtu wa tatu, na habari za tumbo hata kupitia huyo mtu wa tatu hazikusemwa. Yule mzee kumbeba mkwewe begani msitu mzima, hilo peke yake lilikuwa limemmaliza. Sasa amewekwa chumba kimoja naye, ameshikishwa taa. Na hakuweza kukataa, kwa sababu aliamini kwamba akimkatalia mzungu, mzungu atakataa kumtibu binti. Na Faida hakuweza kusema, wala kulia, maadamu mzee yuko humo. Kila mmoja wao alikuwa anamheshimu mwenzake, na heshima hiyo ilikuwa inakwenda kumwua mtu. Daktari hakujua hata kimoja. Alimwona mwanamke kimya, ametulia, akatikisa kichwa. "She's worn out," akasema, amechoka kabisa. "The pains have died down." Uchungu umefifia. Akageukia meza, akaanza kuvuta dawa kwenye sindano, ile ya kuongeza uchungu.

Sikumbuki kama nilichagua. Nakumbuka sauti ilitoka, na ilikuwa yangu. "Doctor, put it down." Iweke chini. Alinigeukia na sindano mkononi. Wakati ule msichana mweusi hakumwambia mzungu weka chini, si kwa Kifaransa, si kwa Kiswahili, si kwa lugha yoyote. Mimi sikuweza kujizuia tena. "Put it down, please. Send him out. He is her father-in-law. She can't speak up with him standing by. I'll take over the lamp. I'll find out." Mtoe huyu nje, ni baba mkwe wake, hawezi kufungua mdomo mzee akisimama hapa, taa nitaishika mimi, nitamwuliza, nitajua. Vijineno vyote vilipita mlangoni bila kugongana, wala sikuvitazama vikipita. Sikungoja ruhusa. Nilimpokonya yule mzee taa, nikamwambia, "Papa, toka. Toka sasa," na mzee wa watu akatoka karibu kukimbia. Nilifunga mlango, nikapiga magoti, nikafunua kitenge. Faida alikuwa ameuma mdomo mpaka unatoka damu.

"Dada, baliniwekea majani," akasema, na machozi yakaja pamoja na maneno. "Bamama balinipatia asubuhi ninywe, na tena njiani. Uchungu haipumuzike. Haipumuzike hata kidogo." Kisha akalia, ule mlio aliokuwa ameuzuia msitu mzima, mpaka chupa zikatetemeka mezani. Nilimgeukia daktari nikamwambia: amekunywa dawa ya kuharakisha, mara mbili, na uchungu haujafifia, alikuwa ameumeza. Daktari aliitazama sindano. Aliiweka kwenye sahani polepole, kama kitu kinachoweza kulipuka, na rangi ilikuwa imemtoka usoni. Alijua vizuri kuliko mimi kile ambacho dawa juu ya dawa ingefanya kwenye tumbo lile. Akaja, akaweka mkono tumboni, na safari hii Faida akamwacha. Kuanzia hapo hatukupumzika. Yeye alisema, mimi nikasema, Faida akajibu, mimi nikarudisha, Estere akachemsha maji na kubadilisha vitambaa, na nakuapia sikujua tena ni lugha gani iko mdomoni mwangu. Mtoto alizaliwa mvua ikiwa inapungua. Alikuwa wa kike, bluu kidogo, na hakulia. Daktari alimsugua, akampulizia, akamsugua tena. "Come on," alikuwa anamwambia, "come on, come on," na mimi, bila kutumwa, nilikuwa ninamtafsiria yule mtoto mchanga: twende, mama, twende. Akalia.

Daktari alinawa, akavaa koti lake, akatoka barazani, na mimi nikamfuata nikiwa nimelowa jasho na damu, nikijua kwamba Faida yuko hai na mtoto wake yuko hai, na kwamba nimemwamuru mzungu mbele ya watu. Pale nje Papa Bahati alikuwa amesimama mbali, mgongo kwetu, bado anauheshimu mlango. Nikamwita, nikamwambia ni mtoto wa kike na mama yake ni mzima. Alikaa chini kwenye matope. Alipoweza kuinuka alikuja, akavua kofia yake, akasema na mimi ingawa alikuwa anamtazama daktari: "Mwambie Docteur aksanti. Na ule alinifukuza mule ndani, mwambie aksanti ya kwake iko mbili." Nilitafsiri nusu ya kwanza. Daktari alisubiri. "He said more than that," akasema, mzee ameongeza kitu. Ikabidi niseme: anamshukuru aliyemtoa nje.

Daktari alifikiri kidogo, huku anakwangua tope kwenye kiatu kwa ngazi ya baraza. Kisha akasema, kwa sauti ileile aliyokuwa akiniagizia maji na vitambaa, nimwambie mzee kwamba si yeye aliyemtoa. Nikatafsiri: "Papa, Docteur anasema si yeye alikutosha." Nimwambie aliyemtoa ni huyu binti. Nikatafsiri, macho chini. Akaendelea, na mimi nikaendelea nyuma yake kama nilivyofanya mchana kutwa, neno likija ninalipokea ninalipitisha: "Na anasema huyu binti, mwezi ujao, anaenda naye..." Nilikuwa nimefika katikati ya sentensi ndipo nikasikia ni habari ya nani. Mzee alikuwa anangoja, kofia mkononi, na daktari alikuwa anangoja, na mimi nilisimama pale na Kiswahili changu mwenyewe kimenikwama kooni. Estere alikuwa ametoka nyuma yangu, amembeba mtoto. Aliweka mkono wake uliobaki mgongoni kwangu, akaimalizia.

"Anaenda naye Uganda, Papa," akasema. "Anaenda kusomea kuzalisha bamama."